Kitoto cha panya kikitulia usidhani kimekufa

Miaka kadhaa sasa nipo kwenye chumba cha panya wa maabara, na swali ambalo wageni wa kazi hii wananiuliza sana sio la panya wakubwa, ni la vitoto. Vile vya jana na juzi, vyekundu, havina manyoya, macho yamefumba, kitoto kimoja cha panya mdogo (ile aina ndogo, mouse kwa Kiingereza) hakifiki hata gramu 2. Ikitokea lazima viuawe, labda mama kafa au wamezaliwa wengi kuliko kibali cha utafiti kinavyoruhusu, unafanyaje visiteseke?

Ntaanza na kosa langu. Wiki zangu za mwanzo niliachiwa kizimba chenye vitoto 9 vya siku moja, nikaviweka kwenye chemba ya gesi ya kaboni dioksaidi kama nilivyozoea kufanya kwa wakubwa, baada ya dakika 10 vimetulia, havihemi, rangi imekuwa ya zambarau, nikasema tayari hao. Nikafunga mfuko. Narudi baadae kuupeleka kwenye friza naona plastiki inacheza, nafungua, vitatu vimerudi kuwa pinki na vinafungua vidomo kutafuta hewa, kimoja kinajinyonganyonga na pale tumboni ngozi ilivyo nyembamba unaliona kabisa doa jeupe la maziwa kiliyonyonya asubuhi. Lile doa sijalisahau mpaka leo.

Dada aliyekuwa ananifundisha akaniuliza, "Umevikalisha dakika ngapi?" Nikamjibu kumi. "Kumi? Hivo vilikuwa vimelala tu mdogo wangu."

Sababu ni kwamba kitoto kimetoka tumboni kwa mama juzi tu, na kule ndani oksijeni ni kidogo, kwahiyo mwili wake unavumilia kukosa hewa kuliko mkubwa, tena kwa mbali sana. Mkubwa anaisha ndani ya dakika chache ila kitoto cha panya mdogo siku ya kuzaliwa kinaweza kuchukua mpaka dakika 50 kwenye kaboni dioksaidi, na cha ile aina kubwa ya panya (rat) mpaka 35. Muda unapungua kadri siku zinavyoenda, ukifika kama siku ya 10 wanaanza kukaribia wakubwa. Mi nilikuwa najua dakika za wakubwa tu nikadhani ndo hizo hizo kwa wote.

Ndo maana gesi peke yake kwa vichanga siiamini na hata miongozo ya madaktari wa mifugo inataka uhakikishe kwa njia ya pili. Mkasi mkali wa kukata shingo, unafanywa na mtu aliyefundishwa na ambaye protokali yake, yaani mpango wa utafiti uliopitishwa, inaruhusu, ni wa haraka kuliko gesi. Najua unatisha, wengi wanaukimbia, ila jiulize anaumia nani, wewe unayeangalia au kitoto kinachokaa nusu saa nzima kwenye chemba? Mkasi uwe wa kazi hiyo tu, sio ule wa kukatia karatasi, maana ukiwa butu basi umeharibu kila kitu. Na usije ukaweka kitoto kizima kwenye friza eti kitalala, baridi ya polepole ni mateso, na yale maneno ya zamani kwamba vichanga havisikii maumivu yalishapitwa.

Alafu kuna hili ambalo hatulisikii kwa masikio. Kitoto kikipata baridi au kikitengwa kinalia kwa sauti ya juu mno, sisi hatuipati ila mama anaipata vizuri tu. Kwahiyo kama mama yupo hai mtoe kwanza umpeleke mbali, vitoto viache pamoja na kiota chao vikae joto mpaka zamu yao ifike, usivitandaze mezani kimoja kimoja kama unahesabu vifungo.

Kuhakikisha kama kimekufa usiangalie rangi, rangi ilinidanganya mimi. Angalia moyo, kwa kichanga kisicho na manyoya unaweza kuona kifua kinavyodunda ukikaa chini ya taa, na hata ukiona umesimama fanya ile njia ya pili ndo ufunge mfuko.

Ila kiukweli vitoto vingi nilivyowahi kuua havikutakiwa kuzaliwa. Jike anaweza kushika mimba ndani ya saa 24 baada ya kuzaa kama dume bado yumo kizimbani, mimba yenyewe ni kama wiki 3 tu, sasa mtu akisahau dume humo anakuja kushangaa vizimba vimejaa na mnyama hana pa kwenda. Kwetu siku hizi kila kizimba cha uzazi kina kadi yenye tarehe mlangoni, na dume anatoka siku ya 18 tangu aingizwe, kabla jike hajazaa, hata kama ni jumapili.