Safu ya Maswali ya Wasomaji: Ijue Nyanya Yako Kabla ya Kuipogoa

Swali: Mshauri wetu wa kilimo, nakusalimu kwa heshima. Nimepanda nyanya mahali pa wazi, pasipo na paa wala neti. Mwenzangu mwenye uzoefu alinielekeza kwamba nyanya hunyofolewa machipukizi yote ya pembeni, nami nikafanya hivyo kila wiki bila kuruka. Mimea ilibaki mifupi, ikazaa vichala vichache tu, na matunda mengi yakatokea mabaka meupe upande unaoelekea jua. Je, nilikosea kupogoa, au nilikosea kuchagua mbegu? Msimu ujao nichague aina gani?

Jibu: Ndugu msomaji, bidii yako haikuwa na kasoro, kilichokuponza ni kutumia kanuni ya nyanya ndefu kwa nyanya fupi. Makosa haya huwapata wakulima wengi waangalifu, kwa kuwa maelekezo ya kupogoa mara nyingi hutolewa bila kutaja yanahusu mmea wa namna gani.

Kuna nyanya ndefu, ambazo ncha ya shina haikomi kurefuka, hivyo mmea huweza kupita mita 2 huku ukitoa kichala kipya cha maua baada ya kila majani 3 hivi, mpaka uuawe na baridi, ugonjwa au uzee. Moneymaker ni mfano unaojulikana sana. Kuna pia nyanya fupi, kama Roma, ambazo ncha ya shina huishia kwenye kichala cha maua na kuanzia hapo hairefuki tena. Mmea wa namna hii hutegemea matawi yake ya pembeni ili uendelee kuzaa. Ulipoyanyofoa yote, uliondoa sehemu kubwa ya mavuno, na pamoja nayo majani ambayo yangeyafunika matunda. Yale mabaka meupe ni ngozi ya tunda iliyobabuka kwa jua kali.

Kwa hiyo, nyanya fupi uiache ijitanue. Ondoa tu machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza cha maua pamoja na majani yanayogusa udongo, kisha usiiguse tena isipokuwa kuondoa jani lililougua.

Nyanya ndefu ndiyo inayohitaji mkono wako kila wiki. Chagua shina moja, au mawili iwapo nafasi inaruhusu, na shina la pili liwe lile chipukizi linaloota chini kidogo ya kichala cha kwanza, kwa sababu ndilo lenye nguvu kuliko mengine. Machipukizi mengine yote yanayochomoza katika kwapa la jani, yaani pale jani linapoungana na shina, yavunje kwa vidole yakiwa bado laini, yenye urefu wa sentimita 5 hivi, kwa maana kidonda kidogo hukauka upesi. Ukichelewa mpaka yakawa manene kama penseli, tumia kisu kikali ulichokisafisha, wala usiyavute, kwani yatachuna ganda la shina. Fanya kazi hii asubuhi umande ukishakauka, na siku ya mvua uiahirishe. Anayevuta au kushika tumbaku na anawe mikono kwa sabuni kwanza, kwani virusi vya batobato ya tumbaku, ugonjwa unaotia majani mabaka, huingia kwenye nyanya kwa kuguswa tu. Wiki 6 hadi 8 kabla ya msimu kwisha, kata ncha ya shina ukiacha majani 2 juu ya kichala cha mwisho, ili chakula cha mmea kiende kwenye matunda yaliyokwisha kufungika.

Kuhusu uchaguzi, mahali pa wazi adui mkubwa ni majani kukaa na maji, kwa sababu ukungu wa baka jani chelewa huenea upesi majani yakiloa kwa saa nyingi, na unaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Tafuta aina inayostahimili ugonjwa huo na inayoiva mapema. Soma pia herufi zilizo kwenye pakiti: V na F ni ukinzani dhidi ya aina mbili za mnyauko unaoletwa na ukungu wa udongoni, na N ni dhidi ya minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi. Usichanganye F hiyo na F1, ambayo humaanisha mbegu chotara, yaani iliyotokana na kuchanganya aina mbili, na mbegu utakazokamua kutoka kwenye matunda yake hazitazaa mimea inayofanana na mama. Iwapo huwezi kuitembelea bustani kila wiki, mimi ningekushauri ubaki na nyanya fupi bila kusita. Ipe kila mmea nafasi ya sentimita 50 hadi 60, uisimikie vijiti vya kuiegemeza, na umwagilie shinani badala ya majani.

Swali: Je, ni sahihi kuondoa majani yanayozunguka matunda ili jua liyaivishe?

Jibu: Si sahihi. Tunda la nyanya huivishwa na joto la wastani na gesi ya ethilini inayotoka ndani yake lenyewe, ndiyo maana tunda lililokomaa huiva hata likiwekwa kabatini. Jua kali huweza hata kulizuia lisiwe jekundu, kwa kuwa joto linapozidi nyuzi 30 hivi za Selsiasi rangi hiyo haijengeki vizuri, na tunda hubaki na rangi ya manjano au ya chungwa. Isitoshe, majani hayo ndiyo yanayotengeneza sukari inayolipa tunda ladha. Ondoa yale ya chini ya kichala kinachoiva, hasa yaliyoanza kugeuka manjano, mawili au matatu kwa wakati mmoja, na yale ya juu yaache.