Anwani ya IP si mtu
Umeuliza wenye hakimiliki wanamjuaje aliyepakua faili kupitia BitTorrent, mfumo ambao watumiaji hugawana faili moja kwa moja kati ya kompyuta zao, na kama ushahidi wao unaaminika. Mawakala wao hujiunga na kundi linalogawana faili kama washiriki wengine, hunakili anwani za IP (namba za utambulisho kwenye intaneti) zinazoonekana humo, kisha hupeleka malalamiko kwa kampuni ya intaneti, ambayo ndiyo yenye jina la mteja. Udhaifu uko hapo, kwa sababu anwani hutambulisha laini ya intaneti, si mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walifanya anwani za printa zionekane katika orodha za washiriki, na printa hizo, ambazo haziwezi kupakua hata wimbo mmoja, zikaletewa barua za madai! Msanii anastahili kulipwa jasho lake, nami natetea haki hiyo, lakini inaniuma kwamba Septemba 2003 kampuni za muziki zilizo chini ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, ziliwashtaki watu 261 kwa mkupuo, na katika kesi zilizofuata wengi walikubali kulipa maelfu ya dola nje ya mahakama kwa kuwa kujitetea kungewagharimu zaidi.