Miche nimejifunza mwenyewe, maji je?

Swali lenu la wiki hii, "Je, mtu anaweza kuwa mbunifu wa bustani bila kupita chuoni?", limenigusa penyewe. Kila ninapoitwa kwenye kazi mpya, mwenye nyumba huniuliza hilohilo: umesomea wapi? Nimesomea barabarani, kwa wauza miche wa Mwenge na Barabara ya Bagamoyo hapa Dar es Salaam, watu wanaojua mche upi unastahimili maji ya kisima yenye chumvi na upi utakauka. Ukubwa wa miti nilijifunzia Bustani ya Mimea jirani na Makumbusho ya Taifa, ile waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1893. Mche ukiwa kwenye kimfuko cheusi huwezi kujua kivuli chake kitafika wapi, ila pale unaukuta mti mzima, unasimama chini yake na kupima kwa hatua. Kwa hiyo upande wa mimea jibu langu ni ndiyo, bila kusita.

Lakini sisi wa Dar tungeulizana jingine: bustani yako inayafanya nini maji ya masika? Tunazungusha ukuta, tunatandika pevingi, vile vitofali vya kufunika uwanja, kutoka getini mpaka mlango wa jikoni, tunapanga miashoki, halafu mwezi wa nne maji yote ni ya jirani. Bustani inayojali mazingira huanzia hapo. Maua baadaye.

Kuna kazi moja ya Kijitonyama siisahau. Mama mwenye nyumba alitaka tung'oe nusu ya pevingi ili maji ya gata la paa yanywee ardhini. Ilikuwa Januari, jua kali. Nikachimba shimo la majaribio, nikamwaga maji, yakaisha, nikamwaga tena, kwa sababu udongo mkavu hunywa haraka mara ya kwanza na hilo halikuambii kitu. Juu palikuwa kichanga, chini kidogo mfinyanzi wa kijivu. Kabla sijamaliza, baba wa nyumba ya pili akaja amekasirika: mnachimba dimbwi, mnatuletea malaria! Akamwita mjumbe, naye akaja na daftari lake. Tukalizunguka lile shimo kama kikao cha mtaa. Nikaeleza kwamba mbu huchukua kama wiki moja au zaidi tangu yai mpaka kuruka, kwa hiyo maji yanayokauka ndani ya siku moja au mbili hayamlei. Ndoo na matairi yaliyotupwa uani ndiyo ya kuogopa. Yule baba akasema, haya, na shimo langu la choo lililo nyuma ya huo ukuta? Lilikuwa swali la haki kabisa.

Hapo akafika mzee mmoja wa mtaa huo, mpima ardhi mstaafu. Tukamwamkia. Akatazama, akaniuliza: "Mwanangu, mwezi wa nne maji ya chini hapa hupanda mpaka wapi?" Akaomba ule mpira mweupe ambao mafundi hupimia usawa, ukajazwa maji, tukaushika huku na huku. Kwa macho uwanja ulikuwa unainamia barabarani. Mpira ukaonyesha unainamia kwa jirani. Akasema bondeni kama pale shimo refu litajazwa na maji ya chini wakati wa masika, hata gata halijamwaga kitu. Afadhali bonde pana la kina kifupi, mbali na kuta na choo, lenye njia ya kutokea mtaroni. Ndivyo tulivyofanya: magimbi katikati, mchaichai pembeni panapokauka upesi, migomba kwenye maji ya bafu. Mjumbe akaandika makubaliano, yule baba akatia saini. Masika ilipofika alikuwa akichungulia kila mvua ikikatika, na kesho yake jioni anakuta maji yamekwisha.

Nimeanza kuandika nikitaka kusema chuo si lazima. Sasa sina uhakika huo. Yule mzee alinionyesha kwa mpira tu jambo ambalo uwanja ungelionyesha kwa masika nzima, tena kwa hasara ya mtu mwingine. Mche ukifa, unanunua mwingine. Ukuta wa jirani ukianguka, utanunua wapi? Kwa hiyo mimea jifunze mwenyewe, lakini ardhi na maji vikaguliwe na aliyesomea kabla sululu haijainuliwa.

Mpwa wangu anaitaka kazi hii, na ada ikipatikana nitampeleka chuoni. Ila kama huko atafundishwa kutandaza nyasi na kupogoa michongoma tu, bora abaki nami. Na ada isipopatikana, asisubiri: masika hii aende kwa bibi yake Tandika na karatasi, mvua ikikatika achore maji yanaposimama, kisha aipeleke michoro hiyo kwa mtu anayejua kupima.