Usikate waya hata mmoja kabla injini haijawaka

Mkuu, weka koleo la kukatia nyaya chini kwanza. Una gari la Mini la zamani, na unataka kulifungia injini ya pikipiki ya silinda nne yenye nozeli (mafuta yanapulizwa kwa amri ya kompyuta), wayaringi yake nzima na kompyuta yake. Unataka kuanza kwa kuondoa nyaya zote zisizo na kazi, halafu unauliza kuchaji, taa, mita ya spidi na rivasi. Umeanzia mwisho. Injini iwake kwanza ikiwa na kila waya iliotoka nao kiwandani, ndipo uanze kupunguza.

Aliyekwambia kwamba injini ni moto (umeme wa chanya), ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) na stata tu, amekupa ushauri wa injini za platini na kabureta, zisizo na kompyuta. Wapo wengi wanaoueneza kwa kujiamini kabisa, na kila anayewasikiliza anaishia na kompyuta mbovu na fungu la nyaya zisizojulikana zilitoka wapi. Kompyuta ya pikipiki haisubiri moto peke yake. Inataka kwanza kujua pikipiki imesimama wima, stendi imekunjwa, gia iko wapi na funguo ni halali. Ukiondoa jibu moja tu, injini inagoma au inazima.

Chukua stendi ya pembeni. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani swichi yake hufunga mzunguko stendi ikiwa juu. Ukiikata ukaziacha nyaya wazi, injini itawaka vizuri ikiwa nyutro, halafu itazima ukiingiza gia ya kwanza. Mtu anafungua klachi, anapima mafuta, anabadilisha plagi, kumbe ni nyaya mbili zilizotakiwa kuunganishwa. Stata nayo hupata ruhusa kwa njia mbili: gia iwe nyutro, au klachi ibanwe huku stendi iko juu. Njia hizo zinatenganishwa na diodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) ambazo mara nyingi zimefichwa ndani ya boksi la rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme), lile lile ambalo watu hulitupa kwa sababu "gari lina rilei zake".

Sensa ya kuanguka, inayoiambia kompyuta kama pikipiki imelala, ndiyo inayotesa zaidi. Yamaha nyingi za nozeli hutoa volti 0.4 hadi 1.4 sensa ikiwa wima, na 3.7 hadi 4.4 ikiinama kupita nyuzi 65. Ukiitupa chini ya dashibodi ikalala ubavu, kompyuta inaamini umeanguka na inakata pampu ya mafuta na cheche. Ifunge wima, alama ya juu ikitazama juu. Baadhi ya Kawasaki na Suzuki zina rezista (kipingamizi cha umeme) ya ohm 100 ndani ya swichi ya funguo. Ukiweka swichi ya Mini bila rezista hiyo, stata inazunguka lakini plagi hazitoi cheche. Suzuki nyingi pia huisoma kila gia kwa volti tofauti, kwa hiyo sensa ya gia si ya taa ya dashibodi peke yake. Na kama pikipiki ina ulinzi wa funguo, basi funguo, pete ya kusomea funguo na kompyuta ni kitu kimoja, usivitenganishe.

Sasa ona kwa nini mpangilio una maana. Injini ikigoma baada ya kukata, hujui kama ilikuwa mbovu tangu mwanzo au umeiharibu wewe. Ikiwa iliwaka ikiwa kamili, ikaja kugoma, kosa ni kile ulichogusa mwisho. Hapo unarudi hatua moja tu.

Ifunge injini imara kwenye fremu sakafuni, tandaza wayaringi yote mezani, chomeka kila soketi: dashibodi, swichi za usukani, rejeta na feni yake. Pampu iwe ile ya pikipiki yenyewe, kwa sababu nozeli zinataka presha ya karibu bar 3. Toa kebo nene kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye blok ya injini. Ukiwasha funguo, pampu inguruke sekunde mbili tatu kisha inyamaze. Injini ikishawaka, ipashe moto, pandisha mizunguko na upime betri. Iwe kati ya volti 13.5 na 14.8.

Kisha chomoa, usikate. Soketi moja, washa tena, bana klachi uingize gia, mikono ikae mbali na sproketi ya kutolea nguvu (gia ya mnyororo). Ikiendelea kuwaka, weka lebo, nenda inayofuata. Ukimaliza zote ndipo ufungue tepu iliyozungushiwa wayaringi, uufuate waya usiotakiwa hadi kwenye kiungo chake. Ndani ya tepu kuna viungo ambapo ethi moja au volti 5 za sensa hugawanywa kwa sensa kadhaa; ukikata katikati kwa kubahatisha, unaua sensa ya throto pamoja na ile uliyotaka kuiondoa.

Kabla wayaringi ya pikipiki haijakaribia gari, angalia ncha ipi ya betri imefungwa kwenye bodi. Mini za mwanzo zilikuwa na chanya kwenye bodi. Geuza iwe hasi kwanza. Betri ikiunganishwa kinyume, rektifaya (inayogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri) na kompyuta huungua papo hapo. Baada ya hapo acha taa na waipa kwenye nyaya za gari, na za injini zibaki za pikipiki. Zikutane betrini, kwenye ethi na kwenye rilei ambayo swichi ya gari itaiamuru.

Ethi hiyo iwe ya kweli: kebo ya milimita 25 za mraba kutoka blok hadi kwenye bodi, rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae. Injini imekaa juu ya raba isiyopitisha umeme, na betri ya Mini iko buti. Bila kebo hiyo, mkondo wa stata utarudi kupitia kebo ya klachi au ethi nyembamba ya kompyuta.

Dainamo ya Mini inaondoka; kuchaji sasa ni kazi ya injini ya pikipiki. Rektifaya ya pikipiki nyingi hugeuza umeme unaozidi kuwa joto, kwa hiyo ifunge kwenye chuma panapopita upepo.

Niandikie modeli na mwaka wa pikipiki, na rangi za nyaya za swichi ya funguo, kabla hujafungua tepu.