Maswali ya Wasomaji: Kuvua Urembo wa Nje wa Stesheni Wagoni ya Zamani

SWALI (Mombasa): Nimenunua Peugeot 504 stesheni wagoni iliyokaa miaka mingi chini ya mwembe. Fundi wa rangi anataka nivue kila kitu cha nje kabla hajaikwangua. Nianzie wapi, na nifanye nini ili mikanda ya kung'aa isipinde?

JIBU: Gari hilo liliunganishwa hapo hapo Mombasa kwa miaka mingi, kwa hiyo boneti na madigadi bado unaweza kubahatisha kwa wanaochinja magari. Mikanda ndiyo adimu, na ya sedani isikudanganye. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sedani ina mita 2.74, stesheni wagoni ina 2.90. Paa lake limerefushwa, na taa za nyuma pamoja na vioo vya ubavuni kule nyuma ni vyake peke yake. Ukivunja kimojawapo, sedani kumi zilizochinjwa hazitakusaidia.

Anza na vinavyotoka kwa skrubu: keria, mikono ya waipa, vioo vya pembeni, taa, shoo ya mbele. Kisha bampa. Mikanda ya milango ifuate, halafu ya paa, halafu vioo vikubwa. Vitasa na makomeo yawe mwisho kabisa, maana gari lisilofungika milango halilali salama gereji. Kila upande uwe na mifuko yake ya nailoni iliyoandikwa "mlango wa mbele kushoto, juu" na kadhalika, na piga picha kabla ya kugusa, si baada.

Sasa mikanda yenyewe. Weka bisibisi bapa mbali. Chonga kabari ya mti mgumu, upana wa vidole viwili, ncha nyembamba kama ya mwiko, na bandika tepu ya karatasi tabaka mbili kwenye bodi kando ya mkanda. Hata kama rangi itakwanguliwa, bati lililobonyea litadai pati (uji mzito wa kujazia mabonde ya bati), na pati nyingi ndiyo inayopasuka baadaye.

Kabla ya kuvuta, jua mkanda umeshikwa na nini. Mikanda mingi ya enzi ile inakaa juu ya klipu za springi, lakini mwishoni mara nyingi kuna msumari wa hesi wenye nati ndogo upande wa ndani, ya milimita 7 au 8. Kwa hiyo vua kwanza kadi ya mlango (ubao unaoufunika mlango kwa ndani), ingiza tochi, utafute. Asiyetafuta huanza kubandua katikati, mambo yanakwenda vizuri, klipu moja, mbili, tatu. Akifika sentimita kumi za mwisho nati inagoma, mkono unaendelea, na mkanda unajikunja. Mgongoni pake panatokea mstari mwembamba mweupe. Mstari huo hautoki. Ukiunyoosha kwa nyundo chuma kinavimba pale pale, na ukiusugua unaendelea kuonekana kila jua likiupiga kwa ubavu.

Kabari iingie palipo na klipu, si katikati ya klipu mbili. Inua milimita mbili au tatu tu, nenda klipu inayofuata, fika mwisho, kisha rudi mwanzo uongeze. Kazi hii ifanywe gari likiwa limepigwa na jua, kwa sababu klipu za plastiki zilizozeeka zikiwa baridi hukatika kama biskuti.

Mkanda unaofunika mfereji wa maji wa paa hauna klipu. Umebana ukingo wa bati kwa midomo yake. Huo hauvutwi, unaviringishwa. Anzia mwishoni, fungua mdomo wa chini kidogo, sogea sentimita tatu au nne, fungua tena. Mtu wa pili aushike ule mwisho uliokwisha kuachia. Ukining'inia kwa uzito wake utapinda wenyewe. Rangi ikiwa imeugandisha, kikausha nywele cha saluni kinatosha kuilainisha.

Kwa urembo uliozama ndani ya raba ya kioo, raba ndiyo ife. Kata mdomo wake wa nje kwa wembe mpya, mkanda utaachia bila kuvutwa. Raba mpya inaagizwa, lakini kioo cha mbele kikipata ufa pembeni hakina dawa. Kukitoa kioo ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani akisukuma kwa viganja karibu na kona za juu, mwingine nje akipokea.

Mlango wa nyuma una nyaya za taa ya namba zinazopita kwenye bawaba. Kabla ya kuzitoa, zifungie kamba ndefu ya nailoni, uvute nyaya, kamba ibaki humo. Siku ya kurudisha utashukuru.

Mikanda ikitoka, ifunge kwenye ubao wenye urefu wake kwa vipande vya kitambaa, uitundike ukutani. Ikiwekwa sakafuni itakanyagwa, hata gereji iwe ya mtu makini kiasi gani.

SWALI (Tanga): Bolti za bampa zina kichwa cha mviringo kisicho na pa kushika. Nikikaza spana nyuma, bolti nzima inazunguka. Nifanyeje?

JIBU: Chini ya kichwa hicho kuna shingo ya mraba inayokaa kwenye tundu la mraba. Kutu imekula kona za shingo au za tundu, ndiyo maana hakuna kinachoizuia. Kuongeza nguvu kutapanua tundu tu.

Changanya asetoni na oili ya gia ya otomatiki nusu kwa nusu. Tikisa kila unapotumia kwa kuwa haviungani, na usiwe karibu na moto wala sigara. Tia asubuhi na jioni kwa siku mbili, ukigonga nati kidogo kwa nyundo ndogo ili mafuta yapenye. Jaribu kwanza kukaza robo ya robo mzunguko, ndipo ufungue. Kutu huachia haraka zaidi ikisukumwa pande zote mbili.

Ikiendelea kuzunguka, ikate kutokea nyuma. Kwa grenda sugua ubavu mmoja wa nati mpaka ubaki kama milimita moja, kisha upasue kwa patasi. Usikate kichwa upande wa mbele: diski ikiteleza mara moja, uso wa bampa umeharibika. Na funika vioo vyote kwa gunia bichi. Cheche za grenda hujichoma ndani ya kioo na kwenye rangi, na baada ya wiki zinageuka vidoa vya kutu ambavyo watu huvidhania ni uchafu.

SWALI (Nairobi): Nina Morris Minor Traveller. Fundi anasema tung'oe mbao za nyuma kama urembo mwingine, tupake rangi, kisha tuzirudishe. Ni sawa?

JIBU: Hapana, na tafadhali mzuie leo. Kwenye Traveller, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1953 hadi 1971, mbao si pambo. Ni za mti uitwao ash kwa Kiingereza, na ndizo mifupa ya nusu ya nyuma. Mabati ya alumini yamepachikwa juu yake, na paa la nyuma linazitegemea. Ukizing'oa moja moja paa litakosa pa kukalia na vipimo vyote vitapotea.

Chukua bisibisi yenye ncha kali uchome mbao za chini kabisa, hasa kwenye kona na juu ya matairi, mahali maji yanapotuama. Ncha ikizama zaidi ya milimita tatu nne bila kusukumwa sana, ubao umeoza. Ikiwa ni nzima, zifunike vizuri kwa karatasi, mwana rangi afanye kazi yake pembeni. Ikiwa zimeoza, upande mzima hubadilishwa kama fremu moja, paa likiwa limeegemezwa kwa nguzo kutoka ndani, na upande wa pili usiguswe mpaka wa kwanza umefungwa na milango ya nyuma inafunga sawasawa.

SWALI (Unguja): Nilisafisha mikanda yangu kwa dawa ya kusafishia oveni. Mmoja umetakata, mwingine umekuwa wa kijivu kama sufuria kuukuu. Nimekosea wapi?

JIBU: Uliotakata ni chuma kisichoshika kutu, ulioharibika ni alumini. Dawa hizo nyingi zina kostiki soda, nayo hula ile ngozi ngumu waliyoitia alumini kiwandani. Sumaku haitakutofautishia vizuri, kwani chuma hicho kingine hunaswa na kingine hakinaswi. Pima uzito mkononi, au vaa glavu na miwani, weka tone la kostiki soda iliyozimuliwa mgongoni mwa mkanda: alumini itatoa mapovu. Osha papo hapo.

Wa alumini sasa unaweza kuusugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1200, kisha 2000, umalizie kwa dawa ya kung'arishia. Utang'aa, lakini bila ngozi yake hewa ya chumvi ya Unguja itaufifisha tena upesi, kwa hiyo upake nta kila mwezi. Pia usiurudishe ukigusa bati tupu la bodi. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa, na utaona unga mweupe kuzunguka klipu. Paka rangi ya msingi kingo za kila tundu, tia nta, ndipo upachike klipu mpya.

SWALI (Dodoma): Herufi za jina la gari kwenye mlango wa nyuma zinavunjika miguu. Kuna njia?

JIBU: Hizo ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, na miguu imemiminwa pamoja nazo, zinki kuukuu haipindi, inakatika. Usizikabari kutoka mbele. Vua kadi ya ndani, tafuta ncha za miguu, tia mafuta ya kulegeza, kesho yake kata au legeza vishikizo vyake, usukume kila mguu kwa zamu kwa kijiti cha mbao. Ambazo zimeshakatika usijaribu kuzichomea kwa gesi, zitayeyuka kabla hujaona wekundu. Zibandike kwa tepu nyembamba ya pande mbili ya magari, na tundu lililobaki wazi uzibe kwa raba kabla mvua haijaingia mlangoni.