Mnataka kituo cha mapokezi chuoni? Anzeni na muhuri

Tangu tufungue kituo cha mapokezi katika chuo cha kati ninachofanyia kazi hapa Tabora mjini, kila msimu wa udahili napigiwa simu na wenzangu walio vyuo vingine, na swali la kwanza huwa lilelile: mlijenga kwa shilingi ngapi? Hatukujenga. Tulipewa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, jirani na geti, tukakipaka rangi, tukaingiza meza mbili, mabenchi na ndoo ya maji ya kunywa yenye koki. Michoro ya jengo ipo kwenye kabati la mkuu wa chuo, na binafsi sina haraka nayo.

Tatizo la mwanafunzi mpya halikuwa kukosa mahali pa kukaa. Dawati la mapokezi lilikuwepo miaka yote. Alikaribishwa vizuri, akaelekezwa kwa mhasibu. Mhasibu akamtuma masjala. Masjala wakamwambia mwenye faili katoka kidogo, njoo kesho. Kwa kijana wa Isevya, hapahapa mjini, "njoo kesho" ni usumbufu tu. Kwa aliyetoka Ulyankulu na baba yake, kesho ni gesti, chakula cha jioni, na nauli ya baba ambayo itabidi iguswe. Wengine huondoka na wasionekane tena, chuo kikaandika "hakuripoti", wakati aliripoti, tena alifika kabla ofisi hazijafunguliwa.

Kwa hiyo kabla hamjaomba hata kopo la rangi, mfuateni mwanafunzi mpya tangu getini mpaka anapopewa namba ya usajili. Angalieni anakwama wapi na anaambiwa nini. Mimi nilimfuata binti mmoja wa Kaliua. Tranka la bluu, godoro limekunjwa na kufungwa kamba ya katani, baba yake yuko mbele na bahasha ya kaki. Dirisha la ada likawakatalia. Baba akatoa kitochi chake mfukoni: "Mwalimu, mimi nimelipa. Meseji hii hapa." Na kweli alikuwa amelipa. Fomu ya kujiunga ilikuwa na namba mbili za malipo kwenye ukurasa mmoja, zile ndefu zinazoanza na 99. Ya hosteli juu, ya ada chini. Yeye alilipa ya juu akajua kamaliza. Dirisha lililofuata likaja la majina: jina la katikati kwenye cheti cha kuzaliwa ni la babu, kwenye cheti cha kidato cha nne ni la baba. Akaambiwa akalete kwanza hati ya kiapo kutoka kwa wakili, ndipo asajiliwe.

Hayo yote mawili yangeisha kwa dakika chache mezani kwa mtu anayeruhusiwa kuamua. Ada: mwoneshe baba namba ya chini, mpe muda wa kulipa awamu ya kwanza, binti aanze darasa. Majina: msajili kwa jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, maana vyeti vyake vyote vinavyofuata vitasimama juu ya hilo, kisha mpe wiki kadhaa alete kiapo. Mwaka uliofuata zile namba mbili za malipo zilitenganishwa kila moja na ukurasa wake, na foleni ya dirisha la ada ikapungua kwa macho.

Hapo ndipo nasema anzeni na muhuri. Mezani petu panahitajika mambo matatu: mtu anayeweza kuona malipo kwenye mfumo, ruhusa ya kusajili kwa muda mwanafunzi aliyepungukiwa karatasi moja au mbili, na muhuri wa kuthibitisha hilo. Mhasibu atapinga, na ana hoja. Wakaguzi wakija wanamuuliza yeye, hawamuulizi mpokezi. Msimwombe nywila yake. Ombeni mmoja wa watu wake ahamie kituoni wiki za kuripoti, aingie kwenye mfumo kwa akaunti yake mwenyewe na awajibike kwa bosi wake yuleyule. Sisi tuliafikiana hivyo, na ugomvi ukaishia hapo.

Wanaopenda kujua wenzetu wa nje wanafanyaje, watazame vyuo vya jamii vya Marekani. Ni vyuo vya miaka miwili, vinapokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Kikongwe kati ya vile vya umma ni cha Joliet, Illinois, kilichoanza 1901. Navyo vina shida ileile, wengi wanaingia na wachache wanamaliza. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango unaoitwa ASAP: mwanafunzi anasoma muda wote, anapewa mshauri mwenye wanafunzi wachache anayekutana naye mara kwa mara, anasaidiwa ada iliyopungua, vitabu, na kadi ya usafiri wa treni na basi. Watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi wa kipato cha chini waliohitaji masomo ya kujazia, baadhi wakaingia kwenye mpango na wengine wakaendelea kama kawaida. Baada ya miaka 3, asilimia 40 ya walioingia walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao. Sisi hatuna fedha za New York. Lakini ile orodha yao ni ya kawaida mno: nauli, kitabu, ada iliyopungua kidogo, na mtu mmoja anayekujua jina.

Kwa mkoa wetu ningeongeza kalenda ya shamba. Mzazi aliye mkulima wa tumbaku hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha yake inategemea soko limefunguliwa lini na chama cha msingi cha ushirika kimelipwa lini, na malipo yakichelewa, anachelewa na yeye. Ukimwandikia awamu za ada kwa tarehe za ofisini, unamfanya mdaiwa sugu kabla hajavuna. Kituoni tunamuuliza mzazi: unategemea nini, tumbaku, asali, mpunga, duka? Fedha inaingia miezi gani? Halafu afisa wa uhasibu anaandika awamu kufuata majibu, mzazi anatia sahihi. Sijui kama kuna ubunifu hapo. Ni kuuliza tu.

Jambo jingine ni treni. Tabora ni njia panda ya reli tangu Wajerumani waifikishe hapa 1912 na kuipeleka mpaka Kigoma 1914, na wanafunzi wetu wa Kigoma, Mpanda na Mwanza bado wanakuja nayo. Treni haiulizi ofisi zinafungwa saa ngapi. Mtoto wa miaka kumi na saba anashushwa stesheni usiku wa manane na tranka, hajui kata ya Cheyo iko upande gani. Zungumzeni na viongozi wa kijiwe cha bodaboda cha stesheni, muwe na majina ya madereva na bei ya kwenda chuoni iliyokubaliwa, na namba ya simu ya matroni iandikwe ukurasa wa kwanza wa fomu ya kujiunga. Wasichana tunawaambia wasitoke stesheni peke yao usiku. Wangojee kupambazuke pamoja na wenzao, tutawafuata. (Matroni asiyepokea simu usiku hafai kazi hii. Mpeni nyingine.)

Kuhusu matapeli nitapita haraka: kila ujumbe wa chuo uishie na sentensi kwamba hatupokei ada kwenye namba ya simu ya mtu. Basi.

Wapokezi wetu ni wanafunzi wa mwaka wa pili. Kishawishi ni kuchukua viongozi wa serikali ya wanafunzi, wale wenye maneno. Mimi huwatafuta waliokwama wenyewe mwaka uliopita, kwa sababu wanajua dirisha lipi linaumiza. Tena tunahakikisha meza haikosi anayejua Kinyamwezi, Kisukuma na Kiha. Bibi aliyemleta mjukuu wake akisikia "mwangaluka" kabla ya "jaza fomu hii", anakaa vizuri na kueleza hata lile ambalo angelificha, mathalani kwamba mjukuu ana mtoto wa miezi sita nyumbani. Hilo nalo lina nafasi kituoni: kona yenye pazia na kiti cha kunyonyeshea. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo vilianzishwa 1975 na kusaidiwa na Sweden, vimeshazoea kupokea mama na mtoto wake. Sisi wa vyuo vingine bado tunashangaa.

Wapeni posho hao wapokezi, hata ikiwa ndogo. Na mafaili ya madeni na fomu za hospitali wasiyaguse kabisa. Mwanafunzi hawezi kumwamini mwenzake anayejua anadaiwa kiasi gani.

Kosa ninaloliona vyuo vingi ni kufunga kituo wiki ya kuripoti ikiisha. Mabenchi yanarudishwa darasani, bango linakunjwa. Kwa uzoefu wangu wanaopotea hawapotei wiki ya kwanza. Hela ya nyumbani bado ipo, na kila kitu ni kigeni na kizuri. Wanapotea kimya kuanzia wiki ya tatu hivi, unga ukiisha, mwenye nyumba akianza kudai kodi ya miezi iliyobaki, au mtihani wa kwanza ukirudi na alama za kutisha. Kwa hiyo kituo chetu hakifungwi muhula wote wa kwanza. Tuna kaunta buku lenye safu sita: jina, anakotoka, namba ya simu, shida, nani anaishughulikia, imeisha lini. Safu ya sita ndiyo ninayoikagua kila Ijumaa. Walimu wanaleta majina ya waliokosa vipindi, na mpokezi anapiga simu siku hiyohiyo.

Maneno ya simu hiyo tumeyafanyia mazoezi. "Mambo, dada. Ni sisi wa mapokezi, hatujakuona darasani tangu Jumatatu, upo salama?" Kisha unanyamaza umsikilize. Ukianza na "mbona hujaja", atakata simu. Ukitaja ada, hatapokea tena. Aliyeishiwa unga tunampeleka kwa mama ntilie wa getini, tuliyepatana naye kulipwa mwisho wa mwezi kutoka mfuko mdogo unaochangiwa na wafanyakazi. Aliyegombana na mwenye nyumba anasindikizwa kwa mwenyekiti wa mtaa, na mara nyingi kodi inakubaliwa kwa mwezi mmojammoja.

Fulana za ukaribisho, runinga ya ukutani na bango la rangi mkinunua, nunueni mwishoni. Mkuu wa chuo akiwauliza bajeti, ombeni vocha ya simu, kaunta buku, posho ya wapokezi na kitu kidogo cha mama ntilie. Na kabla ya vyote hivyo ombeni barua yenye sahihi yake, nakala kwa mhasibu na masjala, inayosema afisa aliyepo kituoni anaweza kusajili kwa muda bila kumtuma mwanafunzi dirisha lingine. Ikining'inia ukutani nyuma ya meza, wazazi wenyewe wataisoma.