Mwani Ziwa Victoria? Jibu kwa ndugu wa Jinja

Ndugu yetu wa Jinja anasema kasoma kuwa watafiti wanausifu mwani kwa lishe na kwa mazingira, naye ana kiwanja kando ya Ziwa Victoria. Je, apande? Mimi naishi Kampala kwa ndoa, lakini nimekulia Jambiani, Unguja, na nimefunga mwani na mama tangu nikiwa msichana.

Ziwani hautaota. Mwani tunaolima unataka chumvi ya bahari, gramu 30 hadi 35 hivi kwa lita, na Victoria ni maji baridi. Ziwa Katwe, lile la chumvi huko magharibi ya Uganda, nalo chumvi yake imezidi mno.

Hata huko baharini mambo yamebadilika kwa sababu ya joto, na hapa naomba usome taratibu. Kilimo cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu za aina mbili kutoka Ufilipino: spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, kwa ajili ya ute wake unaogandisha vyakula. Ndiyo pia isiyovumilia joto. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka sana, yakitoka, yanayobaki shambani yanapata moto wa jua. Matawi yanapauka, yanalainika, yanakatikia kwenye taitai, vile vikamba vya kuufungia mwani, na kamba unaikuta tupu. Mama alirudi kwenye spinosamu kwa malipo madogo, kama wanawake wengi wa kijiji chetu. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari huko Zanzibar, amejaribu na wakulima kuupeleka mwani kwenye kina kirefu, ndani ya nyavu za umbo la bomba. Huko maji yana nafuu ya joto. Lakini kunataka chombo na kujua kuogelea, na wakulima wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea. Utafiti wa tabianchi usiolihesabu hilo, kwangu haujakamilika.

Kuhusu lishe, kweli mwani una madini joto (ayodini). Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, na chumvi ya dukani Uganda tayari imetiwa madini hayo. Mwani wa kahawia, kama kombu ya Wajapani, gramu moja tu inaweza kuwa na madini joto mara kadhaa ya mahitaji ya siku, na kuzidisha huvuruga tezi ya shingo sawa na kupungukiwa. Unga wa mwani usioandikwa kiasi cha madini joto, usimpe mjamzito.

Ukitaka kulima kitu cha majini chenye lishe, angalia spirulina. Hiyo si mwani wa bahari, ni bakteria wa kijani-buluu wanaopenda joto na maji ya magadi. Heroe hula jamii yake kwenye maziwa ya magadi, na Wakanembu wa Ziwa Chad huikausha wakala. Ikikauka, zaidi ya nusu yake ni protini. Ilime kwenye tangi, kwa maji safi uliyoyatia bikaboneti na virutubisho. Ule ukijani unaotanda ziwani usiuchote kabisa: mara nyingi ni jamii nyingine, yenye sumu ya ini, na kuchemsha hakuiondoi.